Vidonge vya Mjomba Watson

Jumanne, 2 Septemba 2025

Nimerudi Tunduma na vitabu vyangu na aibu yangu. Sapu ya famakolojia, mtihani wa marudio wa somo la dawa, ni mwezi huu. Safari hii sifeli. Sifeli!

Kilichoniangusha ni vipokezi — vile viti vidogo kwenye seli ambavyo dawa hukalia. Dawa nyingine ikikaa, kazi inaanza. Nyingine inakaa tu, haifanyi kitu, ila mwenzake hapati nafasi. Leo nimeelewa, na aliyenielewesha ni Mjomba Watson, kaka yake mama, kaja kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kutusalimia. Baba yuko safarini na lori, basi mjomba kakalia kiti chake tangu asubuhi. Hafanyi lolote, na hakuna wa kumwinua. Kwetu mjomba hainuliwi. Nimecheka peke yangu mpaka mama akauliza kama vitabu vimenipanda kichwani.

Alhamisi, 4 Septemba

Vumbi la malori limezidi. Mama anakohoa, pumu yake haiupendi mwezi huu. Halafu jana kanisani walipima presha bure, yake ikawa juu.

Nimemsikia mjomba sebuleni akimpa vidonge vyake mwenyewe, pakiti nzima. Presha ni presha, dada, wewe meza, mimi niko bwino, mzima kabisa. Mama nusura alie kwa shukrani. Mimi nilikuwa nasoma milango ya kalisiamu kwenye mishipa ya damu — kuna vidonge vya presha vinavyoifunga, mishipa ikalegea. Nikadhani ni vidonge hivyo. Sikuinuka kutazama.

Jumamosi, 6 Septemba

Mungu wangu.

Mama karudi mazoezi ya kwaya bila sauti. Ubeti mmoja hakuumaliza. Kifua kinapiga filimbi. Nikampa pampu yake ya pumu — akavuta, akavuta tena. Hakuna kitu! Pampu mpya, inatoa dawa vizuri. Akanong'ona kwamba labda ni feki, ya mpakani.

Nikatoka kutafuta bajaji. Sebuleni mjomba kakaa pale pale. Nikasimama ghafla. Kiti kimekaliwa!

Nikarudi kwenye mkoba wa mama. Vidonge vya mjomba: propranolol. Hukalia viti vya moyo, presha ikashuka — lakini na vya mapafu pia, vile vile ambavyo dawa ya pampu inavitaka. Mtu wa pumu hapewi! Na mimi nilikuwa na kitabu mapajani.

Bajaji, kituo cha afya, pakiti mkononi. Dokta Enoka aliitazama mara moja tu, akaagiza oksijeni na mashine ya mvuke. Sijawahi kuogopa hivi.

Jumapili, 7 Septemba

Anapumua! Wamemwongezea dawa inayotumia viti vingine kabisa, vya aina nyingine. Dokta kasema vidonge vile asiviguse tena, presha atapewa dawa yake.

Halafu mama akanishika mkono. Nisimwambie mjomba. Ataona tumesema kampa dada yake sumu, hatavuka tena mpaka kuja kwetu. Nikamwambia lazima ajue. Akageukia ukutani. Fausta, uniachie kaka yangu. Mimi sijakubali.

Jumatatu, 8 Septemba

Nimekuja nyumbani kumchukulia mama kitenge. Mjomba yupo kwenye kiti. Jasho, na asubuhi hii ni ya baridi! Mkono kifuani. Nimemuuliza yeye anameza nini siku hizi. Hamezi. Alimpa dada yake vyote, atanunua vingine akirudi Nakonde.

Dawa hii haiachwi ghafla. Moyo uliozibwa muda mrefu huongeza viti. Kizibo kikitoka, vyote vinakaliwa kwa pamoja na homoni za mwili, moyo unaenda mbio. Ipo kwenye kitabu. Ipo mbele yangu!

Pakiti iko mfukoni mwangu. Kidonge kilekile kilichomkaba mama ndicho moyo wa mjomba unachokililia.

Nimepiga simu bajaji ije. Naandika huku namtazama. Anasema yuko bwino, nimwache apumzike.

Honi getini. Nimesimama mbele yake, nimesema: Mjomba, shikamoo, naomba uinuke kwenye hicho kiti.

Anatazama mfuko wangu, pakiti imechungulia. Anauliza kwa nini pakiti aliyompa dada yake ninayo mimi.