Mashine ya Mama Haikuzima

Baba watoto,

Pole na lindo. Chai iko kwenye chupa, na mama keshapata dawa ya asubuhi. Usichomeke pasi. ~~Labda saa sita, jua likikolea.~~ Hapana, hata saa sita usithubutu! Betri yote ni ya mashine ya mama mpaka umeme urudi.

Umekatika tangu alfajiri, mtaa mzima, na mimi sina habari. Nilikuwa nimekaa na mama, mashine yake ya hewa ikinguruma kama kawaida, mara jirani yetu fundi cherehani akagonga: "Jamani, kwenu taa zinawaka?"

Nikachungulia nje. Giza kila nyumba. Nikarudi mbio kwa mama. Unakumbuka umeme ulipokatika mara ile, tulivyombeba mama mbio hadi zahanati? Leo hata hakukohoa. Akaniuliza tu, "Unalia nini, mwanangu?"

Kulipopambazuka nikasimama uani nikitazama zile paneli zako za sola juu ya paa, mdomo wazi. Jua la jana, mume wangu, ndilo lililokuwa linampa mama pumzi gizani!

Nilikucheka ulipozifunga. Nisamehe. Ukishalala ukaamka, nishikie ngazi nami nipande nikazione.

Mama watoto