Tarehe ya Harusi Yetu Imesimamisha Ufadhili wa Mume Wangu

Mshauri wetu, shikamoo. Mimi nimeolewa wiki saba zilizopita, na nikisema nina furaha nitakuwa nimepunguza, maana hadi leo nikiamka nikaona viatu vyake pembeni ya vyangu mlangoni nacheka peke yangu, ila hapohapo nina siri ambayo sijui niitoe vipi, kwa hiyo nivumilie nikieleza kwa kirefu.

Nilisoma hadi kidato cha nne, na kazi yangu ni kuchapa na kudurufu kwenye duka dogo la karatasi, mashine mbili na skana moja, na fomu za watu nimejaza hadi nazijaza ndotoni. Hapo dukani ndipo nilipompata mume wangu. Alikuja na fomu ya kuomba ufadhili wa masomo, na kwenye tarehe ya kuzaliwa alikuwa ameandika tarehe ya siku ileile, nikamwuliza, "Kaka, kwani umezaliwa leo asubuhi?" Alicheka hadi akaegemea kaunta, nami nikamrekebishia, ufadhili akaupata, na tangu hapo namwita Mtoto wa Leo. Yeye huwaambia watu, "Mke wangu akishika karatasi, mimi naweka kalamu chini." Mshauri, maneno hayo ndiyo yanayonimaliza.

Anasomea ufundi wa mashine za hospitali, amemaliza miaka miwili kati ya mitatu, na chuo chake kilikuwa mbali, basi linatoka asubuhi linafika usiku. Tulipopanga kuoana tukaona haiwezekani yeye awe kule na mimi huku, mapenzi yetu yakitegemea chaji ya simu, na bahati nzuri kuna chuo chenye kozi ileile dakika ishirini kwa miguu kutoka chumbani kwetu, wakamkubali aje kumalizia mwaka wa tatu hapa. Kilichobaki ni fomu ya kuiomba ofisi ya ufadhili ada imfuate chuo kipya. Alikuja nayo siku ya harusi ikiwa na muhuri wa msajili wa chuo cha zamani, akatia saini chini, akaniachia nijaze, akarudi kule kufanya mitihani ya mwisho wa mwaka.

Sasa, Mshauri, fomu ile ilikuwa na sehemu mbili za tarehe, ya mwisho kuhudhuria chuo cha zamani na ya kuripoti chuo kipya, nami nilikuwa bado nina rangi ya harusi kwenye kucha na moyo wangu unaelea, nikawaza kwamba siku mume wangu alipoacha maisha ya zamani na siku alipoanza mapya si ni siku moja tu, nikaandika tarehe ya harusi yetu. Zote mbili. Kwa mwandiko wangu mzuri kabisa, nikijiambia kwamba siku moja tutawaonyesha wanetu nakala yake.

Wiki mbili zilizopita akapata ujumbe kwenye simu: "Ufadhili wako umesimamishwa. Umeacha masomo." Alirusha simu kitandani akasema, "Huyu ni msajili! Tangu mwanzo hakutaka nihame!" Mimi nikawa nakunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Barua yenye maelezo kamili ilikuja kwenye barua pepe ya duka, ambayo nilikuwa nimeijaza kama anwani yake, kwa hiyo nimeisoma peke yangu. Wanasema kwa mujibu wa fomu aliacha masomo Jumamosi, wiki tatu kabla ya mitihani, akaripoti chuo kipya siku hiyohiyo wakati chuo kilikuwa kimefungwa, na asipoleta maelezo na ushahidi ndani ya siku thelathini watamfuta kabisa. Na sisi ada ya mwaka mzima hatuna, tukiuza hata kitanda haifiki robo.

Nikapiga simu ofisi ya ufadhili nikiwa nimejificha nyuma ya duka. Karani akaniambia, "Dada, fomu inasema ameacha."

Nikamwambia, "Lakini hakuacha, kaka, mitihani amefanya yote."

"Mimi nasoma kilichoandikwa. Nani aliijaza?"

Nikasema, "Ilijazwa dukani."

"Basi huyo aliyeijaza aje aeleze," akakata.

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, naye akaniuliza mbele yake, "Wewe si ndiye bingwa wa fomu? Hukuona kasoro?" Nikajibu, "Nilikagua, wifi, iko sawa." Uongo wangu wa kwanza katika ndoa, na nimemwambia wifi. Sasa wifi ameahidi nauli akipokea mshahara, na mume wangu anasema atakwenda kumwambia msajili maneno ambayo hatayasahau. Kila jioni anayafanyia mazoezi, anatembea dirishani hadi mlangoni, na akimaliza ananiuliza, "Hapo je, mke wangu, si itamchoma?"

Nimefikiria kitu. Kopi ya fomu ninayo na skana ninayo, naweza kuzifuta tarehe zile, nikaweka za kweli, muhuri na saini vikabaki palepale, nikaituma usiku mmoja yakaisha, na Mtoto wa Leo asijue kamwe. Nifanye hivyo? Au nimwambie, akome kuniamini wiki ya saba tu ya ndoa? Nakuomba unijibu upesi, zimebaki siku kumi na sita.

Wako, Bibi Harusi wa Dukani

MSHAURI ANAJIBU

Bibi Harusi, marahaba, na hongera. Sasa kaa chini nikugombeze.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nikitabasamu, mara ya pili nimeshika kichwa. Mteja akija dukani kwako ameandika tarehe ya harusi mahali panapoulizwa siku ya kuacha chuo, utamwambia nini? Utamrudishia karatasi na kumwuliza kama amelala. Mume wako ulimcheka kwa kosa dogo kuliko hilo.

Hata hivyo, sikiliza, kosa lako linarekebishika. Watu wanahama vyuo kila mwaka na ufadhili unawafuata, na kuhama kwa sababu ya ndoa si dhambi. Ulichowaambia wewe ni kwamba ameacha. Anayehama na aliyeacha hawatendewi sawa, na hao makarani hawana namna ya kujua kwamba tarehe ile ilikuwa ya keki na shela. Karani hakukosea. Msajili hakukosea, isipokuwa kugonga muhuri kwenye fomu tupu, na hilo tuliache kwa leo kwa sababu unamhitaji.

Kuhusu skana, nasema mara moja tu: toa mkono. Sasa hivi una kosa la kizembe. Ukichezea karatasi yenye muhuri na saini za watu utakuwa umeghushi, na ile ya kwanza tayari wanayo, wataziweka mbili mezani na kuzilinganisha. Hapo mume wako hatapoteza mwaka wa tatu tu, atapoteza chuo, nawe utapoteza kazi.

Barua hii imenifikia baada ya siku tano na gazeti linatoka leo, kwa hiyo hesabu yako sasa ni siku kumi na moja. Mwambie mume wako leo, kabla wifi hajatoa nauli. Nasema kabla, kwa maana huyo msajili ambaye mume wako anamfanyia mazoezi ya matusi ndiye mtu pekee duniani anayeweza kuandika kwamba alihudhuria hadi siku ya mtihani wa mwisho. Unamwacha mumeo asafiri siku nzima kwenda kumtukana mtu anayepaswa kumwomba barua! Na wewe unasikiliza mazoezi hayo jioni, unakunja nguo! Hicho ndicho kilichonikasirisha kuliko tarehe.

Akishajua, safari iwepo, ila aende na adabu. Arudi na barua ya mahudhurio na matokeo ya mitihani, vyote vikiwa na muhuri. Wewe huku nenda chuo kipya ukachukue barua inayotaja siku hasa ya kufungua, na uwaulize jambo ambalo hukuligusa kabisa: je, miaka yake miwili wameitambua yote? Wakimrudisha mwaka wa pili, ufadhili unaweza kulipia ule mmoja uliobaki tu, na ni afadhali mjue sasa. Kisha chukueni fomu mpya, aijaze yeye kwa mkono wake na anwani yake mwenyewe, wewe ukae pembeni bila kalamu. Maelezo yawe nusu ukurasa: tarehe ziliandikwa kimakosa na mke wangu, za kweli ni hizi, ushahidi ni huu. Usiweke mashairi. Pelekeni wenyewe mkononi, na msitoke ofisini bila nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Karani alisema aliyejaza aje aeleze, basi nenda, jitambulishe, "Ni mimi." Atakucheka. Acha acheke.

Na wifi yako umwombe radhi mwenyewe, ana kwa ana, usimtume mume.

Umeniuliza kama ataacha kukuamini. Labda atakasirika, ana haki, mwache azunguke chumba hicho dirishani hadi mlangoni mara kumi. Lakini usisahau mlivyokutana. Mwanamume mzima alisimama mbele ya kaunta yako akiwa amezaliwa asubuhi ileile, hukumwona mjinga, ulimgeuzia karatasi ukamwonyesha pa kuandika, na pale pale ukaanza kumpenda. Leo jioni akianza mazoezi yake, weka nguo chini, chapa ile barua ya ofisi ya ufadhili, mwekee mezani, na kidole chako kiwe kwenye tarehe. Safari hii mwenye fomu mbovu ni wewe. Mpe nafasi naye akurekebishie.