Kumbukumbu za kikao juu ya robe ya Graciella na kitambaa cha mlangoni

KANISA LA NEEMA, KOMUNI (MTAA) YA KENYA, LUBUMBASHI
KAMATI YA BAMAMA WA NDOA

Tarehe: Jumatano, 15 Novemba 2023
Mahali: Chumba cha nyuma cha kanisa (kwaya ilikuwa inafanya mazoezi ya nyimbo kanisani)

Waliokuwepo:
Mama Mwaba Joséphine, Mwenyekiti
Mama Kalaba Odette, Makamu
Mama Mulenga Véronique, mtunza kitambaa
Mama Kahindo Béatrice, mjumbe, shangazi ya bwana arusi
Mwape Esther (Mama Ariel), Katibu

Walioitwa: Graciella, bibi arusi, na Précieuse, mshonaji wake

Asiyekuwepo: Mama Kasonde, yuko Kasumbalesa kwa biashara. Alituma habari.

KUMB. NA. 1/11/2023: KUFUNGUA

Mwenyekiti aliomba, kisha akafungua kikao saa tisa alasiri. Alisema maombi ni mafupi kwa sababu mvua inakuja, Bwana anajua. Katibu aliomba avumiliwe, kwa kuwa mtoto wake Ariel hakulala usiku na yeye vilevile, na mtoto yuko magotini wakati wa kuandika. Mama Kalaba alisema: "Andika tu, Mama Ariel. Ule naye eko membre."

KUMB. NA. 2/11/2023: MAMBO YA KIKAO KILICHOPITA

Sufuria kubwa ya kamati haijarudi tangu ndoa ya Oktoba. Mama Kalaba alisema anajua iko nyumba gani na inapika nini. Mwenyekiti alisema hiyo haikuwa ya leo.

KUMB. NA. 3/11/2023: ROBE YA JUMAMOSI

Mwenyekiti alikumbusha desturi. Sheria ya kamati inasema mabega na mgongo wa bibi arusi vifunikwe. Akifika mlangoni na robe, yaani gauni la arusi, iliyo wazi, mtunza kitambaa anamwekea kile kitambaa cheupe cha kamati mabegani, kisha anaingia. Kitambaa kilikuwa mezani, kimekunjwa vizuri, kwa sababu Mama Mulenga alikuja nacho.

Mwenyekiti alieleza kwamba picha ya robe ya Graciella ilipita kwenye WhatsApp ya kamati siku ya Jumapili, na kwamba mgongo unaonekana wote mpaka kiunoni. Mama Kalaba aliuliza ni nani aliyeipitisha picha. Mama Kahindo alisema ni yeye, na hakuficha. Kasereka, bwana arusi, ni mtoto wa kaka yake. Wakubwa wa familia wanatoka Butembo na watashuka uwanja wa ndege wa Luano kesho. Alisema: "Bataona mugongo ya bibi arusi mbele ya kuona uso yake. Halafu batasema, njo bibi mulituchagulia huku Katanga?"

Mama Kalaba aliuliza Kasereka mwenyewe anasemaje. Mama Kahindo alijibu: "Ule? Anacheka tu. Anasema eko naoa muntu, hapana kitambaa."

Wajumbe walicheka. Mama Mulenga hakucheka. Alisema sheria haina kicheko ndani, na kwamba wasichana wa leo wananunua robe kwa macho ya simu.

KUMB. NA. 4/11/2023: BIBI ARUSI NA MSHONAJI

Graciella na Précieuse waliitwa ndani, na robe ndani ya mfuko mrefu. Mwenyekiti aliomba Graciella aivae, mlango ufungwe. Robe iko na mikono mirefu mpaka kwenye vidole na shingo iliyofungwa. Alipogeuka, kweli mgongo ulionekana uchi.

Mama Mulenga alisema: "Haya. Macho yetu haina bugonjwa."

Précieuse aliomba Mama Mulenga aweke mkono mgongoni mwa bibi arusi. Mama Mulenga alikataa mara ya kwanza. Mama Kalaba alimwambia: "Gusa, mama, hataungua." Aliweka mkono, akauacha pale muda mrefu. Kisha akasema kwa sauti ndogo: "Kuko kitambaa."

Wajumbe wote waligusa, na katibu pia. Mgongo wote umefunikwa kwa tulle, kitambaa kile chepesi kama wavu, kutoka shingo mpaka kiunoni. Précieuse alieleza kwamba tulle inayouzwa sokoni kwa jina la rangi ya ngozi iko na rangi ya ngozi ya wazungu. Kwa mtu wetu inaonekana kama bandeji. Kwa hiyo alichemsha majani ya chai, akatia tulle ndani, akawa anaitoa na kuiweka kwenye mkono wa Graciella mpaka ikapotea. Kwa hiyo picha iliyopita kwenye WhatsApp haikuonyesha mtu uchi. Ilionyesha kazi nzuri ya Précieuse.

Graciella alisema yeye ndiye aliyetaka vile. Alisoma sheria ya kamati: mgongo ufunikwe. Ameufunika. "Nilitaka kuwa muzuri na nifunikwe. Bote mbili. Ni zambi?"

Hapo wajumbe hawakuelewana. Mama Mulenga alisema: "Mukono inasema kitambaa, macho inasema ngozi. Kanisani bantu hawaingiake na mikono, baingiaka na macho." Mama Kalaba alijibu kwamba kama ni macho, basi tufunike macho ya wanaume na tuache wasichana wapumue. Mama Kahindo alisema jambo ambalo katibu aliona ni la kweli: wakubwa wa Butembo hawataweka mkono mgongoni mwa bibi arusi ili wajue, na wale waliobaki kule wataona picha tu. "Picha haina mukono."

Mwenyekiti alisema, kwa ajili ya amani, Graciella aingie na kitambaa mabegani, akifika mbele kiondolewe.

Graciella alisema: "Hapana, mama. Bakiniwekea ile kitambaa, nitageuka pale pale mulangoni. Na Kasereka anajua. Nilishamwambia."

Mama Mulenga alisema huko ni kutisha kanisa. Graciella alisema hatishi mtu, miguu yake tu ndiyo itakataa.

KUMB. NA. 5/11/2023: JAMBO LA DOMINIQUE

Mwenyekiti alimuuliza Graciella ni nani aliyemfundisha kuogopa kitambaa kinachofuliwa na kupigwa pasi na bamama wanaomwombea. Graciella alikiangalia kitambaa mezani. Mama Kalaba alimwambia aseme, kwa maana hapa ni kwa bamama zake.

Graciella alisema kwamba kwenye ndoa ya Dominique, binti ya Mwenyekiti, yeye ndiye aliyeshika mkia wa robe. Mlangoni Mwenyekiti mwenyewe alimwekea binti yake kitambaa. Dominique aliinamisha kichwa, akaingia hivyo, akatoka hivyo.

Mwenyekiti alisema hiyo ilikuwa haki, ili watu wasiseme anafunika watoto wa wengine na kuacha wake. Mama Mulenga alisema ni kweli, kamati yote ilimheshimu siku ile.

Mama Kalaba alisema: "Na picha iko wapi, Présidente? Kwa ukuta yako kuko picha ya ndoa ya batoto yako banaume na ya jirani. Ya Dominique iko wapi?"

Mwenyekiti alijibu kwamba mpiga picha alizipoteza picha, na Dominique ndiye aliyemwambia hivyo.

Graciella alisema, na alikuwa analia: "Mama, unisamehe. Picha hazikupotea. Ziko Kolwezi kwake, chini ya nguo. Anasema kwa zote anaonekana kama mugonjwa bamefunika njiani. Hakupenda kukuumiza, njo maana alikuambia vile."

Kwaya ilisikika. Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Aliomba jambo hili lisiandikwe. Katibu aliweka kalamu chini.

Mvua ilianza na courant ya umeme ikakatika. Mama Kahindo aliwasha tochi ya simu yake, akaweka simu mezani. Baada ya muda Mwenyekiti alisema: "Mama Ariel, andika. Andika yote. Kama niliifanya mbele ya bantu, inaweza kuandikwa."

Kwa hiyo imeandikwa.

KUMB. NA. 6/11/2023: UAMUZI

Mwenyekiti aliomba kila mjumbe aseme kama kitambaa kiendelee kuwekwa mlangoni au hapana.

Mama Mulenga: kiendelee. Alisema hachukii watoto. Amekishona kwa mikono yake, na siku zile wasichana walikuja wenyewe kukiomba, kwa maana wengi hawakuwa na robe ya maana. Kilikuwa msaada. Hajui ni siku gani kiligeuka kuwa adhabu.

Mama Kahindo: kiendelee, kwa sababu ya wageni.

Mama Kalaba: kisiwekwe.

Katibu: kisiwekwe. Katibu alisema hana maneno mengi, lakini huyu aliye magotini ni mtoto wa kike. Akikosea robe siku moja, mama yake angependa bamama waje nyumbani wakati bado kuna sindano na wakati. Siyo mlangoni. Mlangoni mtu hawezi tena kurekebisha kitu, anapokea aibu tu. Lakini katibu alimwambia Graciella pia kwamba Mama Kahindo hakusema uongo, na mtu anayeolewa anaolewa mbele ya watu wa pande mbili.

Kura zilikuwa sawa. Mwenyekiti alisema: "Kisiwekwe." Aliongeza kwamba sheria ya kufunika inabaki kama ilivyo. Kuanzia leo bamama wawili watamtembelea bibi arusi kwake, robe ikiwa bado kwa mshonaji, na watazungumza naye kama mtoto wao. Robe ya Graciella imefunikwa, kamati yote imeigusa. Ataingia nayo.

Mama Kahindo aliinuka. Wajumbe walidhani anatoka. Alienda mpaka kwa Graciella, akasema: "Mutoto wangu, mie sasa sina sheria. Ninakuomba tu. Bazee bangu beko njiani. Utanisaidia namna gani?"

Graciella alimwangalia Précieuse. Précieuse alisema anaweza kushona maua madogo meupe, yashuke katikati ya mgongo, ili macho nayo yaone kuna kitambaa. Kazi ya usiku mmoja.

Graciella alisema: "Ukiniomba, ndiyo, mama. Kufunikwa kwa mulango, njo nilikataa."

Mama Kahindo alisema atatoa maua dukani kwake. Mama Kalaba alimkumbusha apunguze kupitisha picha. Mama Kahindo alisema amesikia, na kwamba Mama Kalaba naye apunguze kuhesabu picha za ukuta wa watu. Mwenyekiti aliwaomba waishie hapo.

KUMB. NA. 7/11/2023: MENGINEYO

Mama Mulenga aliuliza sasa kitambaa kiwekwe wapi. Ilionekana hakipo mezani. Wakati wa giza Ariel alisikia baridi, na Mama Mulenga mwenyewe alikuwa amemfunika nacho bila kufikiri. Mtoto alikuwa amelala ndani yake, na alikuwa amekojoa.

Katibu aliomba msamaha. Mama Mulenga alisema: "Acha, usimuamushe. Huyu hakukataa kitambaa."

Katibu atakifua. Kwa mvua hii hakitakauka kabla ya Jumamosi, na hakuna mjumbe aliyeuliza kitakauka lini.

KUMB. NA. 8/11/2023: KUFUNGA

Mama Mulenga aliomba sala ya mwisho na akamtaja Graciella, Kasereka, na Dominique kwa jina. Watu waliondoka saa kumi na moja, mvua ilipopungua. Mwenyekiti alibaki, akamwambia katibu aongeze jina moja kwenye orodha ya nakala.

Mwenyekiti: Mwaba Joséphine (sahihi)
Katibu: Mwape Esther (sahihi)

Nakala kwa:
Mchungaji
Faili ya kamati
Dominique, Kolwezi