Wivu Umenitia Kwenye Kemia

Wee, acha unachofanya unisome! Nimejichagulia kemia chuo kikuu. KEMIA! Mimi niliyeunguza nyusi zangu maabara!

Ni wivu tu. Binti wa shangazi, aliyeomba kemia chuo, kaja nyumbani, basi baba hatulii: "Mkemia wetu! Mkemia wetu!" Mimi nimekaa pale kama stuli. Nikaropoka, "Hata mimi naomba kemia!"

Baba akasimama. "Kweli, mwanangu? Thibitisha nione." Nikafungua maombi yangu ya chuo kwenye simu, nikabonyeza. Na ukishathibitisha hubadilishi tena.

Kemia, jamani!

Nikamnong'oneza binti, "Basi tutasoma wote."

Akacheka. "Pole, kaka. Mimi sikuwa nimethibitisha, jana nikahamia sheria, bado tu kumwambia mjomba."

Sasa hivi baba anaupigia simu ukoo mzima kumtangaza mkemia wake. Na yule binti bado namwonea wivu, safari hii wa sheria!