Rangi ya Kumwaga

Nyumbani kwangu,
Jumanne asubuhi.

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Naamini barua hii inakufikia ukiwa na nafuu, na kwamba mgongo ule umeanza kukuruhusu kukaa kitako bila kuguna. Watoto nao natumai hawajambo, na yule wa mwisho ameacha kutafuna kucha. Sisi huku tu wazima, ukiacha presha yangu ambayo hupanda na kushuka inavyojisikia, na binti yangu ambaye mafua yamemganda wiki ya pili sasa.

Barua yako niliipata Ijumaa, nikaisoma mara tatu. Unaniuliza kwa mara ya mwisho, na maneno hayo umeyapigia mstari, kama kweli wifi aliniletea picha ya Baba mlipokuwa mnahama, au anadanganya. Unasema humsemeshi tangu mwezi uliopita, na kwamba Jumapili hii wazee wa pande zote mbili watakaa sebuleni kwako kusikiliza shauri lenu. Nitakujibu, Kaka. Nimeona heri niandike, maana kwenye simu wewe hunikatiza, na mimi nikikatizwa hujibu lolote ili yaishe. Ila nivumilie, kwa sababu jibu langu linaanzia kwenye lile darasa la rangi unalolisifia kwa wageni wako bila kulijua.

Unanifahamu. Miaka thelathini na mmoja nimekagua majiko ya hoteli, mabucha na vyoo vya shule, mpaka jina nililopewa na wazazi likasahaulika nikabaki Bibi Afya. Nilipostaafu, jicho halikustaafu. Nilikuwa naingia kwa majirani nafunua masufuria bila kukaribishwa, napitisha kidole juu ya makabati yao, hadi mmoja akamwambia binti yangu kwamba akiniona natokea anafunga mlango kwa komeo. Daktari akashauri nitafutiwe kitu cha kushughulisha mikono. Ndipo binti yangu akaniandikisha masomo kumi ya kumwaga rangi, kila Jumamosi asubuhi, katika chumba cha nyuma cha duka la vifaa vya ujenzi.

Chumba chenyewe, ningekuwa bado kazini, ningekifunga siku hiyo hiyo. Meza imetandikwa nailoni ambayo haijawahi kubadilishwa, ina magamba ya rangi ya wanafunzi wa miaka mingapi sijui. Ndoo ya maji ya kuoshea vijiti ilikuwa na utando juu, na ndani yake alikuwa anaelea mende aliyekwisha kuwa wa kijani. Kulia kwangu aliketi daktari wa meno, mtu mzima, msomi, ambaye alichovya kidole kwenye rangi ili kupima uzito wake, akakipangusa kwenye suruali, kisha kidole hicho hicho kikachukua biskuti. Nilimwambia. Akacheka, akanikaribisha biskuti.

Mwalimu wetu tunamwita Fundi. Alikuwa mpaka rangi wa majumba kabla hajaanguka kutoka kwenye ngazi na kuvunjika nyonga. Ni mtu mpole, wala sina ugomvi naye. Alitueleza kwamba katika uchoraji huu hatutashika brashi. Unachukua rangi ya akriliki, ile inayochanganyika na maji, unaitia gundi nyeupe na maji kidogo, unakoroga polepole mpaka idondoke kama dawa ya kikohozi. Kila rangi na kikombe chake. Kisha unazimimina zote katika kikombe kimoja, moja juu ya nyingine, na hapo ole wako ukoroge. Unaongeza matone mawili ya mafuta ya silikoni. Unakifunika kikombe kwa kanvasi, yaani kile kitambaa kilichowambwa kwenye fremu ya mbao, unavigeuza vyote viwili kwa pamoja, unasubiri, halafu unakiinua kikombe.

Kaka, kile kikombe kikiinuliwa kinatoa mlio ambao sitautaja katika barua ya heshima. Rangi inatoka kwa uvivu, nzito, inajitandaza kama kitu nilichowahi kuamuru kizikwe na kumwagiwa chokaa. Fundi akapitisha juu yake moto wa kitochi cha gesi, mapovu yakapasuka, na yale mafuta yakaanza kufungua vitundu vya mviringo, vikubwa kwa vidogo, vimejaa kila mahali. Darasa zima likashangilia vile vitundu. Mimi niliona ukungu wa mkate. Nikaenda mlangoni kuvuta pumzi.

Na yangu ilikuwa mbaya kuliko zote. Fundi alisema kanvasi huinamishwa kidogo tu, upande huu na ule, ili rangi ifike kwenye pembe. Mimi niliinamisha kama mtu anayekung'uta mkeka. Bluu ikaingia kwenye nyekundu, nyekundu kwenye njano, nikabaki na rangi ya maji ya kupigia deki, inatiririka kingoni na kuingia ndani ya glovu hadi kwenye kiwiko. Nilioga mara mbili siku ile. Usiku nilikuwa bado nainusa mikono yangu.

Utauliza kwa nini nilirudi. Nilirudi kwa sababu tangu Baba afariki mikono yangu haikuwa na mtu wa kumgeuza. Miaka minne nilimgeuza kila baada ya saa tatu, nikamwosha, nikampaka mafuta mgongoni asipate vidonda, na alipoondoka mikono ikawa inaamka yenyewe alfajiri. Katika chumba kile kichafu, angalau kwa saa mbili, ilikuwa na kazi. Kwa hiyo nikarudi na dawa yangu ya kuua vijidudu na matambara yangu, nikasugua sehemu yangu ya meza, nikajifunza.

Baada ya somo la tatu Fundi alitwambia kila mmoja alete kanvasi yake. Asiye na mpya alete ya zamani, tutaipaka nyeupe kwanza, kisha tutaimwagia.

Hapo ndipo linapoanza jibu lako. Alhamisi iliyofuata wifi alikuja kwangu. Alileta picha ya Baba, ile uliyoagiza ichorwe kwa rangi ya mafuta kwenye kanvasi, imefungwa kwa shuka, akaniomba niihifadhi mpaka mmalize kuhama, asije mpagazi akaitoboa. Kaka, wifi hakudanganya. Aliileta kwa mikono yake, na mimi niliipokea kwa mikono yangu.

Nilikuwa sijawahi kuiona. Uliniambia tu kwenye simu kwamba mchoraji ameipatia, na kwamba ilitokana na ile picha aliyoipiga wifi kwa simu yake chumbani kwangu, mlipokuja kumwona Baba. Ile picha ya simu naikumbuka vizuri. Baba yuko kwenye kiti, amevaa shati jeupe nililolipiga pasi asubuhi ile, na mimi niko nyuma ya kiti nimemshika chini ya makwapa, kwa sababu mgongo wake ulikuwa hauwezi tena kumbeba. Nikafungua shuka. Baba alikuwa amekaa wima, peke yake, kama mkuu wa shule. Nyuma yake, mahali nilipokuwa nimesimama, palikuwa na pazia la kijani.

Nikamwuliza wifi. Aliona haya, akazungukazunguka, mwishoni akasema wewe ndiye uliyemwagiza mchoraji anitoe, kwamba hakuna haja wageni wajue kuwa mzee alikuwa anashikiliwa. Nilimjibu kwamba ni sawa. Nikamtengenezea chai, tukaongea mambo mengine, akaenda zake.

Alipoondoka niliikagua ile picha kama ninavyokagua bucha. Na nikaona. Chini ya kwapa la kushoto, kwenye mkunjo wa shati, mchoraji alikuwa amesahau kidole gumba changu. Kimebaki pale, kidogo, cha kahawia, hakina mwenyewe. Sijawahi kuona kitu kikanichefua namna ile, na nimeona mengi.

Jumamosi nikaibeba kwenda darasani. Fundi hakuijua, maana niliipaka nyeupe nyumbani, mara mbili, nikaiegemeza ukutani ikauke, nami nikaigeuzia mgongo. Nikachagua bluu, nyeupe na dhahabu. Nikakigeuza kikombe juu yake, nikasubiri kama nilivyofundishwa, nikainua. Sikuinamisha kupita kiasi. Ikatoka vizuri kuliko zote za darasa, Kaka, hata yule daktari wa meno aliacha biskuti zake akaja kuangalia. Mimi nilikuwa na hasira, lakini mikono ilijua kazi yake.

Sasa umeshaelewa. Mwezi uliofuata ulikuja kunisalimia, ukaiona ukutani. Ukasimama mbele yake muda mrefu, ukasema hatimaye nimefanya kitu cha maana kwa mikono hii. Ukaiomba. Ningeweza kukwambia pale pale. Badala yake niliishusha, nikaifuta vumbi, nikakufungia kwa shuka lile lile alilokuja nalo wifi. Wewe ukaenda kuitundika sebuleni juu ya kochi kubwa, mahali wazee watakapokaa Jumapili kujadili wifi ameipeleka wapi picha ya Baba.

Uliponipigia kuniuliza, nilisema sijaiona. Lilinitoka tu, na lilipotoka nikaliacha. Hilo ungeweza kunisamehe. Lakini wiki mbili baadaye wifi alikuja mwenyewe. Alisimama mlangoni, hakutaka kuketi, akaniomba niseme ukweli kwa sababu nyumba yake inavunjika. Nami nilimtazama usoni, nikamwambia pengine kwa pilikapilika za kuhama aliiacha mahali pengine akasahau. Hakunigombeza. Aliniaga kwa adabu, akaondoka. Kaka, nimeinua vifuniko vya mapipa ambavyo wenzangu walikimbia, lakini kwa kinyaa nilichojionea mimi mwenyewe siku ile, mpaka leo sijapata maji ya kujioshea. Wewe ulinitoa kwenye picha. Mimi nilitaka kumtoa wifi kwenye nyumba yake, na hakuwa amenikosea lolote, bali ndiye aliyenipiga ile picha nikiwemo.

Umeniandikia pia kwamba kona moja ya picha yako imeanza kuinuka, unataka kujua uitie gundi gani. Usiitie gundi. Jumamosi iliyopita nilimwuliza Fundi, kwa kuzunguka, nini hutokea mtu akimwaga rangi yetu juu ya picha iliyochorwa kwa rangi ya mafuta na kupigwa vanishi. Akasema kosa hilo hufanywa na wanaoanza, maana rangi ya maji haishiki juu ya mafuta. Inakauka, inang'aa, inapendeza, kisha siku moja inaachia. Akasema mwenye subira anaweza kuibandua kwa maji ya vuguvugu na kipande cha plastiki, ila hawezi kuapa kwamba kilichoko chini kitatoka salama chote. Basi Baba yuko hapo ukutani, Kaka, chini ya bluu yangu.

Jumamosi hii sitakwenda darasani. Nitakuja kwako kwa basi la asubuhi na beseni langu, na nitambandua Baba kwa mikono yangu, uso kwanza, kisha shati, taratibu, kama nilivyozoea kumwosha. Nitakifunua na kile kidole. Lakini nyuma ya kiti, kwenye lile pazia, sitagusa. Hapo nilikuwa nimesimama mimi, na rangi yangu itabaki hapo hapo.

Jumapili naomba uisome barua hii mbele ya wazee, na wifi awepo, nami nitakuwepo. Isome wewe mwenyewe, usimpe mtu. Isome yote, Kaka, na penye pazia pia.

Wasalimie watoto, waambie shangazi yao anakuja na atawakagua kucha. Binti yangu anakuamkia. Wifi simtumii salamu kwa karatasi. Yeye nitamfuata nisimame mlangoni pake, na akinikaribisha nitaingia.

Nakutakia afya njema hadi tutakapoonana Jumamosi.

Ni mimi mdogo wako,
Bibi Afya