Njuga Kwenye Debe la Unga

Mwanangu Kabula,

Hujambo mama. Huko Kahama kwa shangazi yako, kushona kunaendaje? Uvumilie mwandiko wangu wa darasa la nne. Kwenye simu ningeanza kusema, kisha ningeishia kukuuliza kama umekula.

Ni habari ya Maneno.

Unakumbuka babu yako alivyotuletea yule mbwa, mdogo kama kiatu, masikio yamesimama, mkia umejikunja mgongoni? Mbwa wa kuwindia, nusu wa porini. Babu akasema, "Nimemwita Maneno kwa kuwa hana hata moja." Tulicheka. Na kweli hakuwahi kubweka. Alijilamba kama paka, alipanda juu ya ghala kuota jua, alikula mayai ya kuku wangu, nami nikamkimbiza na mwiko huku wewe umemficha ndani ya kanga. Babu alimvisha njuga shingoni ili huko vichakani ajulikane alipo. Mimi jikoni nikiisikia njuga nilijua na wewe uko karibu.

Siku unaondoka ulinishika mkono. "Mayu, usimfunge kamba. Yule hafungwi." Nikakubali.

Sasa ulipokwenda akaanza kukulilia. Unaijua ile sauti yake, kama mwanamke msibani. Akawa analilia kwenye uzio wa jirani yetu Mama Shija, pale wewe naye mlipokuwa mkisukana. Mtoto wa Mama Shija akashikwa na homa. Asubuhi bombani akaniuliza mbele ya watu, "Mama Kabula, mbwa wako anamlilia nani kwangu? Mtoto wangu hajafa bado." Wote wakaniangalia macho. Unayajua macho yangu, mekundu kwa moshi. Na unajua huku kwetu mjane wa macho mekundu akishaanza kusemwa kuwa mchawi, mwisho wake huwa nini.

Niliogopa, mwanangu. Nikamvua njuga ili asisikike. Nikafungua kiroba, akaingia mwenyewe, akidhani ni ile kanga yako. Akanilamba kidole wakati nafunga. Nikampa mtu wa bodaboda aliyekuwa anakwenda Geita, amwache popote porini. Wewe nikakwambia ametoroka, mnyama wa porini hurudi kwao. Ukalia kwenye simu, na mimi nikakubembeleza. Hapo ndipo aibu inaponishika zaidi. Nilikubembeleza vizuri.

Mtoto wa Mama Shija alipona, ilikuwa malaria tu. Na juzi mchana, napepeta mahindi, Maneno akaingia uani. Mbavu nje, nyayo zimepasuka. Hakunitazama. Akapita mpaka chumbani kwako, akanusa kitanda, akalala mlangoni. Mama Shija akachungulia, nikamwambia alikotoka, akasema, "Huyu kaja kwa miguu njia yote hiyo?" Akaenda, akarudi na maziwa kwenye bakuli. Kumbe tangu mwanzo ningekaa naye tu tukazungumza.

Chakula nikimwekea, hali mpaka nigeuke. Basi nageuka. Njuga iko ndani ya debe la unga nilikoificha. Kila nikiitoa, ikilia tu, anaondoka.

Njoo umvishe wewe, hata kama na wewe hutataka kunitazama.

Mama yako, niliyekudanganya.