Uzito Ulioukataa, Mama

Mama,

Jana kocha wetu alinipandisha kwenye mzani, akasoma, akanipigapiga begani kwa furaha. Akawaambia wasichana wenzangu wa timu ya mieleka waniangalie mimi, eti hii ndiyo nidhamu. Nidhamu gani, Mama? Sikukimbia nimevaa nguo za plastiki ili nitoke jasho, sikujinyima hata tonge. Ni kwamba tangu tukuzike chakula hakipiti. Nimefika uzito ule wa chini, ule ulioukataa wewe mbele ya yule mgeni wa Marekani, na nimeufikia nikiwa nimekaa kitako.

Nilitaka uyasikie kwangu kabla hujayasikia kwa Mama Solange wa kanisani, maana huyo hata huko uliko atakufuata na habari.

Basi nianze na nyumbani. Baba yupo. Bado anaondoka alfajiri kwenda ghalani Brampton, nje ya Toronto, kwa gari la wenzake, anarudi, anakaa upande wake wa kochi, na upande wako hakai mtu. Hatukukubaliana hivyo, imetokea tu. Kazini kwako, kule kwenye nyumba ya wazee, walituletea vitu vyako kwenye mfuko, viatu vyeupe na sweta. Walisema ulianguka kwenye chumba cha kubadilishia nguo, kiharusi, na kwamba hukuteseka. Sijui walijuaje. Ardhi ilikuwa ya barafu, wakachimba kwa mashine. Lifti ya jengo ikaharibika wiki ileile ya msiba, kwa hiyo akina mama wa kanisa walipandisha masufuria kwa ngazi, wakiimba ili wasisikie maumivu ya magoti. Wali, maharage, sombe ya majani ya muhogo, dagaa wale wa sambaza wa kukaanga, kila kitu. Nyumba ilinukia kama ya harusi. Watu walikula, wakalia, wakala tena. Mama Solange akanishika kidevu akasema, "Kula, mtoto, marehemu hafurahii njaa." Nikatia tonge mdomoni, nikalizungusha mpaka alipogeuka, nikalitema kwenye karatasi. Mimi, binti yako. Ungeniona ungenichapa.

Unakumbuka vita yetu ya uji? Mimi naikumbuka kila asubuhi. Nilikuwa nimeanza mieleka shuleni, na kocha akanieleza kwamba katika mchezo huu kila uzito una nafasi moja tu kwenye kikosi. Mkiwa wawili wa uzito mmoja, mmoja anacheza, mwingine anakaa benchi kushika taulo. Mbele yangu alikuwepo msichana mwenye nguvu kunizidi, kwa hiyo nikaambiwa nishuke kidogo, nitapata nafasi chini yake. Nikaanza kujinyima. Wewe uliona mashavu yanaingia ndani, wala hukuuliza. Ulikuwa umekaa kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma miaka mingi, na kule mtu akikonda ghafla basi amepoteza kadi ya mgao, au ana ugonjwa anaoficha. Ukaenda kuniombea kanisani mbele ya watu wote, nikasikia jina langu likitajwa kati ya wagonjwa na wanaosubiri makaratasi ya uhamiaji. Halafu, kimyakimya, ukawa unasaga karanga unatia kwenye uji wangu, na kijiko cha mawese, na maziwa ya unga. Mimi nakimbia ngazi za jengo kutwa, na uzito unapanda. Nikadhani mzani ni mbovu. Siku ya kupimwa nikazidi, nafasi ikaenda kwa mwingine, nikarudi nyumbani nalia, nawe ukanipokea mlangoni umejaa furaha: "Lakini mashavu yamerudi, mama yangu." Uliniita mama yangu kwa sababu nina jina la mama yako. Nilikujibu kwa Kiingereza, nikajifungia bafuni, na kule bafuni nikaanza kucheka: kumbe ulikuwa uji.

Baba ndiye aliyekueleza mambo ya uzito na nafasi. Kisha ukasema, "Kumbe huku watu wanajitia njaa kwa kupenda." Ukatoa sharti lako. Nitapigana kwa uzito wangu, huu alionipa Mungu, na siku ya kupimwa utakuwepo.

Na ulikuwepo kila mara, umesimama mlangoni. Umetoka zamu ya kuwaogesha wazee wa watu, bado umevaa viatu vyeupe, hotipoti ya kijani umeikumbatia kifuani. Nikishuka tu kwenye mzani, wewe unafungua kifuniko. Wenzangu wakazoea. Wazungu, Wahindi, Wajamaika, wote wamechovya fufu, ugali wetu wa muhogo, kwenye sombe yako kwa mkono, na kama mmoja akisita ulimwambia, "Mwili haujengwi kwa matofali," nami natafsiri, naona haya. Hukuwahi kuniuliza kama nimeshinda. Uliuliza, "Umekula?" Hata kwa simu, hata nikiwa na medali shingoni.

Yule kocha wa Marekani alikuja Toronto kutafuta wasichana wa kupeleka chuoni kwake, lakini kilichomleta nyumbani kwetu ni hotipoti. Aliionja pale mlangoni, akauliza mpishi ni nani. Ukampikia samaki mzima. Akaongea mengi, ufadhili wa masomo, chumba, vitabu, daktari wa timu, na Baba akiitikia kwa kichwa kila neno. Wewe ulisubiri mpaka alipomaliza samaki. Ukaniambia, "Mwulize, huko nani atasimama mlangoni?" Akajibu kwamba wana mtaalamu wa lishe. Ukasema, "Mwambie sikuuliza mtaalamu. Nimeuliza nani." Akacheka, ukabaki unamtazama, akaacha kucheka. Ndipo ukatoa neno lako: aende, lakini asishushwe uzito. Akakubali. Akasema nafasi ya uzito wangu kikosini ni yangu. Ukampa mkono kama tunavyompa mtu anayechukua binti, wa kulia ukisalimia, wa kushoto ukishika kiwiko. Baba alitaka kumwomba aliandike hilo, wewe ukamkata jicho. Mtu amekula samaki wako, ameshika mkono wako, unamwomba aandike? Kwenu Uvira, kule Kongo, hiyo ni kumtukana. Nikakubaliana nawe. Sote tulikubaliana nawe.

Alipiga simu baada ya mazishi. Alinipa pole, akalitamka jina lako vizuri, hilo simnyimi. Halafu akakohoa. Kuna msichana amehamia chuoni kwake kutoka chuo kingine. Ni bingwa, ana wafuasi kwenye simu kuliko watu wa mtaa wetu wote, makampuni yanamlipa avae viatu vyao na anywe vinywaji vyao. Uzito wake ndio wangu. Lakini uzito wa chini uko wazi, akasema, na Jumamosi hii anakuja tena Toronto, kuna mashindano. Nikiufikia uzito huo mbele yake, mkataba nitausaini palepale. Nikamkumbusha mkono aliokupa. Akasema anamkumbuka yule samaki, alikuwa mtamu sana.

Hayajaisha. Yapo na ya matangazo. Siku hizi mwanamichezo wa chuo kule analipwa na makampuni kwa ajili ya jina lake na sura yake. Ila mimi nikienda na viza ya mwanafunzi siruhusiwi kulipwa nikiwa kwao, kwa hiyo kampuni moja ya kinywaji cha protini inataka kunipiga filamu hapahapa kabla sijavuka. Mwanamke wao alikuja, mpole, akavua viatu bila kuambiwa. Akaiona hotipoti juu ya friji, akaishusha. Akanieleza wazo lake. Natoka kwenye mzani, nafungua hotipoti ya Mama, ndani hamna chakula, mna chupa ya kinywaji chao. Nainua chupa, naitazama kamera, nasema Mama alinilisha, na sasa... Hakumaliza, kwa sababu Baba alisimama. Nikadhani atamtoa nje. Baba akaingia chumbani kwenu, akafunga mlango. Jioni akaniambia, "Mama yako amekwenda. Masomo yapo. Fanya wanavyotaka, usome." Simlaumu. Ana mgongo wa mzee, na anataka mtu mmoja katika nyumba hii asibebe maboksi.

Kila mtu ananiambia nisaini. Mama Solange anasema kukonda kwangu ni neema, Mungu alikuwa ananitayarishia njia. Yaani alikuchukua wewe ili mimi nifike uzito. Hakutamka hivyo, lakini ndivyo nilivyosikia, na nilitamani kumwangusha palepale kwenye zulia la kanisa. Ningemwangusha, unajua.

Ukweli ni kwamba sina hamu ya chochote. Nikishika mtu mazoezini mikono inafanya kazi yenyewe, mimi sipo. Mwili huu uliujenga wewe kwa karanga, sasa unabomoka, na watu wanapiga makofi. Nikipanda mzani kesho Jumamosi nikafaulu, nitakuwa nimewauzia msiba wako na kuwaongezea hotipoti juu yake. Nisipofaulu, nitabaki hapa ghorofani na Baba na lile kochi, na ile miaka yako yote ya kusimama mlangoni na miguu imevimba, imekwenda bure. Nimegeuza huku na huku. Kote ni kukupoteza tena.

Leo mchana nimepika. Nilinunua sombe ya barafu kwa yule Mkongomani mwenye duka hapo chini, nikasahau chumvi, fufu ikawa na madonge. Nikaitia kwenye hotipoti, nikaiweka sakafuni karibu na mlango. Nikatoka nje kwenye korido, nikafunga mlango, nikaufungua nikaingia, kama mtu anayetoka kupimwa. Nilijua hapatakuwa na mtu. Sijui kwa nini nilifanya vile. Nikakaa chini palepale tunapovulia viatu, nikafungua kifuniko mwenyewe, nikala. Haikuwa na ladha yoyote. Nikala tena. Baba alirudi kazini akanikuta nimeziba njia, akanawa mikono, akakaa upande wa pili wa hotipoti bila kuvua koti. Tulikula mpaka tukakwangua chini. Alisema tu kwamba haina chumvi, halafu akalia.

Yule mwanamke wa matangazo nimemwambia asije. Kesho nitapanda mzani na nitakuwa nimezidi, na asubuhi nitakula uji ili nizidi vizuri. Kocha wa Marekani ataangalia namba, kisha ataangalia mtu mwingine. Baba nimeshamwambia. Ameinamisha kichwa, sikujua ni kukubali au ni kuchoka. Usidhani nimepata nguvu, Mama, sina. Baada ya Jumamosi sioni kitu. Sina chuo, sina mpango, na nikishuka kwenye mzani nitaangalia mlangoni kwa mazoea, na nitakuta mlango mtupu.

Siwezi kukuahidi medali. Siwezi kukuahidi kwamba nitaacha kulia kwenye ngazi, wala kwamba Baba atakaa siku moja upande wako. Nakuahidi tonge. La kwangu na la Baba, kila siku, liwe na chumvi au lisiwe nayo, nitalimeza. Uzito wangu ni ule uliomtajia mgeni, na hapo ndipo nitakaporudi.

Kapumzike, Mama. Viatu vyeupe nimevisafisha, viko chini ya kitanda chenu, hutavihitaji tena. Na kama bado unaniuliza lile swali lako, kabla ya salamu, kabla ya kuuliza kama nimeshinda au nimeshindwa, jibu ni hili.

Nimekula.

Faida wako